Printa Haijapotea, Kompyuta Ndiyo Haijui Ilipo

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steneshenari za jirani na vyuo hujaa. Mwombaji wa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi Tanzania, anajaza fomu mtandaoni, lakini kazi haiishii hapo: lazima aichape, aizungushe kutafuta saini na mihuri, aiskani, kisha aipandishe tena kwenye mfumo. Siku hizo ndizo printa ya Wi-Fi hugoma. Kompyuta inaandika "Offline", foleni inafika barazani, na mwenye duka anafanya kile ambacho karibu sote hufanya. Anaizima printa na kuiwasha. Ikigoma, anazima ruta. Ikigoma tena, anaifuta printa kwenye kompyuta na kuiingiza upya, na hapo inachapa. Kila mtu anashusha pumzi. Kesho yake umeme unakatika kwa nusu saa, na ukirudi printa imegoma vilevile.

Neno hilo "Offline" lisikudanganye. Halisemi kwamba printa imetoka kwenye mtandao. Linasema tu kwamba kompyuta imeita na haikuitikiwa. Hayo ni mambo mawili, na fedha nyingi pamoja na muda mwingi hupotea kwa sababu watu huyachanganya. Printa inaweza kuwa imeunganishwa vizuri kabisa, taa yake ya Wi-Fi imetulia, na bado kompyuta inaitafuta mahali ambapo haipo. Au inaweza kweli kuwa imetoka mtandaoni, na hapo hata uingize draiva mpya mara ngapi hutapata kitu. Kabla ya kugusa chochote, jua kwanza una tatizo lipi kati ya hayo mawili.

Kulijua ni kazi ya dakika chache. Karibu kila printa ya Wi-Fi, iwe ya Epson, HP, Canon au Brother, inaweza kuchapa ukurasa wa taarifa zake za mtandao bila msaada wa kompyuta. Kwenye printa zenye kioo, ukurasa huo hupatikana katika menyu ya mtandao. Kwenye zisizo na kioo kuna kitufe au vitufe viwili vya kubonyeza kwa pamoja, na kijitabu kilichokuja na mashine kinaeleza. Ukichapwa umejaa maandishi madogo ambayo wengi huyaona hayawahusu, wakaukunja na kuutupa. Tafuta mistari mitatu tu. Wa kwanza ni SSID, yaani jina la Wi-Fi ambayo printa imejiunga nayo. Hakikisha ni la ruta yako ya sasa, maana printa iliyounganishwa na ruta ya zamani itaendelea kuitafuta hiyo hiyo hata kama ruta ilisharudishwa kwa wenyewe. Wa pili ni nguvu ya mawimbi. Wa tatu ndio muhimu kuliko yote: anwani ya IP, namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kwa mfano 192.168.1.7.

Chukua namba hiyo, nenda kwenye kompyuta ile ile iliyoandika "Offline", fungua kivinjari cha intaneti na uiandike pale juu ambapo huwa unaandika jina la tovuti. Kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama, endelea tu. Printa nyingi hujitengenezea cheti chake cha usalama na kivinjari hakikitambui. Ukifunguka ukurasa wa printa yenyewe, wenye jina lake na kiwango cha wino, basi printa ipo, mtandao upo, na njia ya kutoka kompyuta hadi printa ni nzima. Tatizo liko ndani ya kompyuta. Usipofunguka, mara nyingi tatizo liko kwenye printa, kwenye ruta, au kwenye mawimbi yanayopita kati yao. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na fundi asiyeanza nacho anabahatisha.

Katika duka moja nililoitwa, ukurasa wa printa ulisema 192.168.1.7. Nikafungua sifa za printa hiyo kwenye kompyuta, nikaenda sehemu iliyoandikwa "Ports". Kompyuta ilikuwa inapeleka kazi zake 192.168.1.4. Nilipoangalia kwenye ruta ni nani mwenye namba hiyo, ilikuwa simu ya kijana wa dukani.

"Fundi, hii mashine imechoka, nitafutie nyingine," mwenye duka akasema.

"Mama, mashine ni nzima. Imehama tu, na kompyuta haina habari."

Nikamwonyesha pia orodha ya printa zilizomo kwenye kompyuta yake. Jina lilikuwa moja, limejirudia: la kwanza peke yake, linalofuata limeongezewa "Copy 1", kisha "Copy 2", na kuendelea. Kila nakala iliachwa na mtu aliyeingiza printa upya bila kutafuta chanzo cha mgomo. Kila nakala ilikuwa inaelekea anwani ya wakati wake, na ndani ya foleni za nakala hizo zilikuwamo kazi za wateja zilizodhaniwa kupotea. Ukiona orodha ya namna hiyo kwenye kompyuta yako, hiyo ni dalili kubwa kwamba anwani ya printa yako inahama.

Inahama kwa sababu hivyo ndivyo ruta ilivyopangwa kufanya kazi. Kugawa anwani ni kazi ya utaratibu unaoitwa DHCP, na ruta katika kazi hiyo ni sawa na mhudumu wa mapokezi kwenye gesti. Kila kifaa kinachoingia hupangiwa chumba kwa muda maalumu. Ruta nyingi za nyumbani hutoa saa 24. Nusu ya muda ikifika, mgeni huomba kuongezewa, na ndiyo maana siku za kawaida kila mmoja hukaa chumba kile kile na hakuna anayeona tatizo. Umeme ukikatika, ruta nyingi ndogo hupoteza daftari lote la wageni. Umeme ukirudi wote wanafika mlangoni kwa mkupuo. Wapo wanaokumbuka chumba chao cha zamani na kukiomba, wapo wasiokumbuka, na wanaopangiwa kwanza ni waliotangulia kufika. Simu huwa ya mwanzo kwa kuwa ina betri na haikuzimika kabisa. Printa iliyokuwa chumba namba 4 inapewa namba 7, na kompyuta inaendelea kubisha hodi namba 4.

Dawa ya kudumu ni kuihifadhia printa anwani yake ndani ya ruta. Kila kifaa cha mtandao kina kitambulisho kinachoitwa anwani ya MAC, chenye herufi na tarakimu 12 na kilichowekwa kiwandani, na cha printa kimeandikwa kwenye ukurasa ule ule uliouchapa. Ingia kwenye mipangilio ya ruta kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari. Nyingi hutumia 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na ruta za Huawei zinazotumia laini ya simu kwa kawaida ni 192.168.8.1. Tazama kibandiko kilicho chini ya ruta, mara nyingi anwani na nenosiri la kuingilia vipo pale. Tafuta sehemu ya DHCP, kisha agiza kwamba kifaa chenye MAC hiyo kipewe anwani hiyo moja siku zote. Zima printa, iwashe, uchape ukurasa wa taarifa kwa mara nyingine kuhakikisha agizo limeshika.

Wapo watakaokuta kampuni iliyowapa ruta imewafungia mipangilio hiyo. Hao waandike anwani kwenye printa yenyewe, kwa kuiondoa kwenye mpango wa kupewa na kuiweka kwenye mpango wa kudumu. Hapa pana mitego miwili. Usichague namba iliyo ndani ya fungu ambalo ruta inagawia wengine, la sivyo ipo siku ruta itampa mtu mwingine namba hiyo hiyo na vifaa viwili vitagombana. Kama ruta inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200, ipe printa 192.168.1.50, pamoja na kinyago cha mtandao (subnet mask) 255.255.255.0, na pale penye lango (gateway) uandike anwani ya ruta. Mtego wa pili hujitokeza unapobadilisha ruta. Ukitoka kwenye ruta ya 192.168.1.1 ukahamia ya 192.168.8.1, printa uliyoiwekea anwani kwa mkono itabaki na namba ya mtaa uliohamwa na hakuna kifaa kitakachoifikia. Ndiyo maana mimi hupendelea kuhifadhi anwani kwenye ruta kila inapowezekana, na ile ya kwenye printa naiacha kama njia ya mwisho.

Anwani ikishatulia, rekebisha upande wa kompyuta. Windows ikiitafuta na kuiingiza printa yenyewe, mara nyingi huiwekea poti ya aina inayoitwa WSD. Poti hiyo haishiki namba. Hutangaza kwenye mtandao ikiuliza printa iko wapi na kusubiri jibu. Wazo si baya, lakini kwenye ruta ndogo za nyumbani na madukani matangazo hayo hupotea njiani, na kompyuta isiposikia jibu huamua printa haipo. Kwa ofisi ndogo naiona WSD kuwa na usumbufu mwingi kuliko faida, na kila ninapoikuta naiondoa. Rudi kwenye "Ports", ongeza poti mpya ya aina ya "Standard TCP/IP Port", andika ile anwani uliyoihifadhi, kisha ielekeze printa huko. Ukiwa hapo hapo, fungua mipangilio ya poti hiyo utazame kisanduku cha SNMP. Kikiwa na alama ya vema, Windows huiuliza printa hali yake kwa lugha ambayo baadhi ya printa hazijibu ipasavyo, na matokeo yake kompyuta inaandika "Offline" wakati printa iko tayari kuchapa. Ondoa alama hiyo. Mwisho futa nakala zote za zamani, zima ule mpango wa Windows kujichagulia printa ya msingi, na uichague wewe mwenyewe hii moja iliyobaki.

Hayo yanatosha kwa duka au ofisi ambayo kivinjari kilifungua ukurasa wa printa. Sasa tuje kwa wale ambao hakikufungua.

Ukiona kwenye ukurasa wa taarifa anwani inayoanza na 169.254, usipoteze muda kwenye kompyuta. Namba hizo hazikutoka kwenye ruta. Kifaa hujipa chenyewe kikiomba anwani na kukosa wa kukipa, na kikiwa nayo hakiwezi kuzungumza na wenzake waliopewa 192.168. Sababu ya kawaida kabisa kwetu ni umeme. Ruta na printa huzimika pamoja na kuwaka pamoja, lakini haziwi tayari pamoja. Ruta, hasa ya laini ya simu, huchukua dakika kadhaa kujiandaa, wakati printa ndogo ya wino iko macho mapema zaidi. Printa inatafuta Wi-Fi, haioni, inajaribu tena, na zipo zinazokata tamaa moja kwa moja hadi zizimwe na kuwashwa. Mwenye duka husema mtandao umekatika, kumbe printa iliamka mapema.

Suluhisho la bei nafuu ni kuipa ruta umeme usiokatika. Ruta ndogo hula umeme kidogo sana, nyingi hutumia volti 12 na ampea 1 au 2, na vipo vifaa vidogo vya betri vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Ruta isipozimika, haipotezi orodha ya anwani, na printa ikiwaka inaikuta ikiwa tayari. Kwa wenye UPS ya kompyuta, chomekeni ruta humo. Printa ya leza msiichomeke. Inapopasha moto roli za kuunguzia wino wa unga huvuta umeme mwingi kwa ghafla, hata kukaribia wati 1,000 kwa baadhi ya mashine, na UPS ndogo itazidiwa au kuharibika.

Sababu inayofuata kwa ukubwa ni mawimbi. Printa nyingi za bei ya kawaida zinasikia bendi moja tu, ya gigahezi 2.4. Ruta nyingi za siku hizi zina bendi mbili, 2.4 na 5, na kiwandani zimepangwa kuzitangaza zote kwa jina moja ili kifaa kisumbuke kidogo. Ruta hizo zina tabia ya kusukuma vifaa viende bendi ya 5 yenye kasi, na njia mojawapo ya kusukuma ni kuchelewa kukijibu kifaa kinachoita kwenye 2.4. Simu itahama. Printa haina pa kuhamia, na zipo ambazo baada ya kutojibiwa mara kadhaa huacha kuita. Tenganisha majina: bendi ya 2.4 iwe na jina lake, ya 5 iwe na lake, kisha printa iunganishe na la 2.4. Kompyuta inaweza kubaki kwenye 5, kwa kuwa ndani ya ruta bendi hizo mbili ni mtandao mmoja.

Bendi yenyewe ya 2.4 imejaa. Chaneli tatu tu ndani yake, 1, 6 na 11, zinaweza kufanya kazi bila kuingiliana, nazo hugombewa na kila ruta ya ghorofa nzima, bluetooth, na oveni ya maikrowevu ya mgahawa wa jirani ambayo hufanya kazi kwenye masafa ya gigahezi 2.45. Pakua kwenye simu programu ya kuonyesha Wi-Fi zilizo karibu, uone chaneli ipi kati ya hizo tatu ina watu wachache, uifunge ruta kwenye hiyo. Usiiachie ijichagulie, na sababu yake inawahusu sana wanunuzi wa printa za mtumba. Sehemu kubwa ya dunia inaruhusu chaneli hadi 13. Marekani vifaa hutengenezwa viishie 11. Printa iliyotengenezwa kwa soko la Marekani haioni kabisa chaneli ya 12 wala 13. Ruta ikijihamishia huko usiku, asubuhi printa inaapa kwamba Wi-Fi yako haipo, wakati simu zote za ofisini zinaitumia bila shida. Watu wamezirudisha printa nzima kwa muuzaji kwa sababu hiyo.

Umbali nao usiudharau. Kwenye ukurasa wa taarifa au wa ndani ya printa nguvu ya mawimbi huenda ikaandikwa kwa dBm, namba zenye alama ya kutoa: -50 ni nzuri sana, -70 ni dhaifu, na ikifika -80 tegemea kukatika kila mara. Ukuta wa zege wenye nondo hupunguza, na chuma hurudisha mawimbi yalikotoka. Printa iliyosukumwa kwenye kona nyuma ya kabati la mafaili la chuma, au iliyokaa ubavuni mwa friji, inaweza kupona kwa kusogezwa mita moja tu.

Kisha kuna usalama wa Wi-Fi. Kiwango kipya cha usalama huo, WPA3, kilitangazwa mwaka 2018, na printa za kabla ya hapo, pamoja na nyingi zilizokuja baadaye, zinaishia kwenye kile cha kabla yake, WPA2. Ruta mpya ikipangwa kutumia WPA3 peke yake, printa hiyo haitaingia kamwe. Ikipangwa kuchanganya WPA2 na WPA3, zipo zinazoingia vizuri na zipo zinazoingia na kutolewa baada ya muda. Ukishakuwa umetenganisha majina ya bendi, weka WPA2 yenye AES kwenye ile ya 2.4 na uiache WPA3 kwenye ya 5. Asije mtu akakushauri kuondoa nenosiri kabisa ili printa ikae. Nyaraka za wateja hupita humo, na Wi-Fi isiyo na nenosiri inamruhusu yeyote aliye nje ya duka kuzifikia mashine zako.

Wengi wetu, hata hivyo, hatuna ruta ya ukutani. Tuna hotspoti ya simu au kile kijiruta cha mfukoni, na hapo printa ya Wi-Fi huteseka kweli. Hotspoti huondoka na mwenye simu akienda kula. Simu nyingi huizima zenyewe kusipokuwa na anayeitumia, na kijiruta cha mfukoni hulala kuokoa betri. Idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa ni ndogo, ikijaa printa ndiyo inayobaki nje. Zipo simu zinazobadilisha fungu zima la anwani kila hotspoti inapowashwa, kwa hiyo hata anwani uliyoiandika kwa mkono haina maana. Na simu inayotangaza hotspoti kwenye bendi ya 5 haitaonekana na printa ya 2.4. Kwenye iPhone kuna swichi ya "Maximize Compatibility" ndani ya mipangilio ya hotspoti inayoirudisha kwenye 2.4, na kwenye Android bendi huchaguliwa katika mipangilio hiyo hiyo. Kama unaendesha biashara, achana na hotspoti kwa ajili ya printa. Nunua ruta ya kawaida hata ya mtumba, iwashe, uunganishe printa na kompyuta humo.

Utaniuliza, na intaneti je? Haihitajiki. Jambo hili halijulikani vya kutosha, na linawagharimu watu: kuchapa kutoka kompyuta hadi printa iliyo chumba hicho hicho hakuli bando. Kazi inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye ruta, inafika kwenye printa, na haitoki nje ya jengo. Bando likiisha printa inaendelea kuchapa. Nimewakuta wenye maduka wakiongeza bando ili printa irudi, na ilirudi kwa sababu katika kuhangaika waliizima ruta na kuiwasha. Zipo mashine chache zinazodai intaneti kwa mkataba, kama zile zilizouzwa chini ya mpango wa HP+, na mnunuzi anapaswa kulijua hilo kabla ya kulipa. Printa za kawaida hazidai.

Kwa wanaotumia Wi-Fi ya hosteli, chuo au jengo la ofisi za kupanga, tambueni kwamba mitandao hiyo mara nyingi huzuia kifaa kimoja kuona kingine, na inafanya hivyo kwa makusudi ili mgeni asichungulie kompyuta ya mwenzake. Printa itaunganishwa, itapewa anwani, na hakuna atakayeifikia. Wi-Fi za wageni ndani ya ruta za nyumbani ziko hivyo hivyo. Mtandao unaotaka uingie kwa ukurasa wa jina na nenosiri la mtumiaji nao haufai, kwa kuwa printa haina namna ya kujaza ukurasa huo. Wafanyakazi wa mashirika wanaowasha VPN ya kazini wataona printa ya nyumbani imetoweka hadi waizime. Na kompyuta ya Windows iliyounganishwa na ruta mpya huweza kuuhesabu mtandao huo kuwa wa hadharani, ikajifungia isione printa. Ubadilishe uwe wa faragha kwenye mipangilio ya mtandao.

Printa kulala kunalaumiwa kupita kiasi. Ndiyo, zipo ambazo zikilala usingizi mzito haziitikii kazi ya kwanza, na kurefusha muda wa kulala kutoka dakika 5 hadi saa moja husaidia. Angalia pia muda wa kujizima kabisa, ambao ni mpangilio tofauti. Lakini kama anwani haijahifadhiwa, kucheza na usingizi ni kupoteza muda.

Ushauri wangu mkubwa kuliko yote hauhusu Wi-Fi. Printa ya dukani haitembei. Inakaa juu ya meza ile ile mwaka mzima, mara nyingi mita mbili kutoka kwenye kompyuta. Kifaa kisichotembea hakina sababu ya kutegemea mawimbi. Kama kina tundu la waya wa mtandao, kichomeke kwenye ruta: waya huo unafika hadi mita 100, haujui chaneli, bendi wala maikrowevu, na printa ikishaunganishwa kwa waya, simu na laptopu bado zitachapa kupitia Wi-Fi ya ruta kama kawaida. Printa za bei ya chini hazina tundu hilo, lakini zina USB. Waya wa USB usiozidi mita 5 kati ya printa na kompyuta kuu ya duka humaliza tatizo kwa kompyuta hiyo, na wengine wanaweza kuchapa kupitia kwake ukiruhusu ishirikiwe, mradi kompyuta hiyo iwe imewashwa. Wauzaji wamefanikiwa kutuaminisha kwamba waya ni ushamba. Katika chumba cha watu wanaosubiri karatasi zao, waya ndio unaotegemeka.

Kwa hiyo wewe mwenye duka, mwalimu mkuu, katibu muhtasi au msimamizi wa ofisi: leo, wakati printa inafanya kazi, chapa ukurasa wake wa taarifa. Ihifadhie anwani kwenye ruta. Andika jina la Wi-Fi, anwani ya IP na anwani ya MAC kwenye karatasi, uibandike ubavuni mwa printa kwa selotepu. Na fundi akija siku printa imegoma, akataka kuanza kwa kuiingiza upya, mwombe kwanza afungue kivinjari, aandike namba iliyo kwenye karatasi hiyo, akuonyeshe kinachofunguka. Asipojua kwa nini unamwomba hivyo, usimlipe. Tafuta fundi mwingine.